Msituletee Mada, Tuko na Ziwa

Salamu kwenu nyote mlioko Mantapala, Mununga, Kashikishi na Chiengi, na nyinyi mnaosoma hii kwa simu huko Lusaka, Lubumbashi na mbali zaidi. Salamu pia kwa ndugu zetu wa mashirika, maana leo tunasema na nyinyi ana kwa ana. Msikasirike. Someni mpaka mwisho, halafu mtujibu.

Kuna maneno mawili tumechoka kuyasikia. La kwanza linatoka kwa vijana wenzetu: "Nataka kuimba, ila sina cha kuandika." La pili linatoka kwa wafanyakazi wa misaada: "Hawa vijana wana vipaji, tuwape mada." Haya maneno ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Yote mawili yanasema kijana mkimbizi ni debe tupu, anakaa anangoja mtu aje ammiminie. Sisi tunakataa. Tunasema hivi: wimbo hauanzi na mada. Wimbo unaanza na kitu ambacho sikio limesikia, mtu fulani, mahali fulani, saa fulani. Na vitu hivyo huku kwetu viko vingi kuliko samaki.

Tuwaeleze wasiojua jinsi wimbo wa mada unavyozaliwa. Wiki mbili kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wanaitwa. Kuna soda, kuna biskuti, kuna karatasi kubwa imebandikwa ukutani. Mwezeshaji anaandika kwa kalamu nene: AMANI. USAFI. ELIMU YA MTOTO WA KIKE. Anasema, chagueni moja, mko na saa mbili. Basi, kwa saa mbili utafanya nini? Maneno yako tayari ukutani, unayachukua yalivyo. Amani ni muhimu. Tudumishe amani. Usafi ni muhimu. Tudumishe usafi. Siku ikifika watu wanavaa fulana, wanapanda jukwaani, mgeni rasmi anapiga makofi, mwenye kamera anapiga picha zake. Tarehe 21 Juni nenda kasikilize kule ziwani. Hakuna anayeuimba.

Hicho ndicho kipimo chetu, na tunaomba mkishike: wanawake wanaoanika chisense kwenye mchanga asubuhi, je, wataimba wimbo huo wakati hakuna mgeni? Mtoto anayetumwa maji ataupiga mluzi? Mlevi akirudi usiku ataukumbuka? Kama jibu ni hapana, basi ile ilikuwa tangazo lenye ngoma.

Kwa nini unakufa haraka hivyo? Angalia maneno yenyewe. "Usafi" hana jina, hana miguu, hatoki jasho. Hujawahi kumkuta Usafi kwenye bomba la maji anagombania foleni. Uliyemkuta ni mama mwenye ndoo ya njano iliyovunjika mdomo, ameziba kwa plastiki ya kuchomwa, anawaambia wengine, "Ndoo yangu inavuja lakini inajua njia ya kurudi nyumbani." Huo ndio mstari wa wimbo. Umetoka kinywani mwa mtu, bure, bila soda. Mwezeshaji alikuwa amesimama mita tatu kutoka pale, anatafuta mahali pa kubandika karatasi.

Wengine watasema, hawa vijana wanadharau elimu ya afya. Hapana. Kipindupindu tunakijua, kimetembelea kambi za wavuvi za ziwa hili na kimeacha makaburi. Hatuna ugomvi na dawa ya maji. Tunachobishia ni pale mnapoanzia. Chukueni mfano wa Remmy Ongala. Huyu alizaliwa Kindu, Congo, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akapigia Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Wakati ukimwi unaua watu, alitoa wimbo unaoitwa Mambo kwa Soksi. Soksi, maana yake kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Lakini watu waliujua, waliucheza, na walielewa anasema nini. Mada ilikuwa ileile ya mabango ya hospitali. Tofauti ni kwamba Remmy hakuanza na bango. Alianza na neno la mtaani, neno la kuchekesha, neno ambalo watu walikuwa wanaweza kulisema mbele ya mama mkwe bila kuanguka kwa aibu. Sinza, Dar, mpaka leo kuna mahali panaitwa kwa Remmy. Mkongo aliyekuja na mziki wake, jina lake likabaki kwenye kituo cha basi. Je, kuna mabango mangapi ya miaka ile ambayo watu wanayakumbuka?

Sasa tuje kwenye mtego wa pili. Huu ni mtego wa machozi.

Mgeni anakuja na kinasa sauti. Anasikia wewe ni msanii, anafurahi, anasema, tuimbie juu ya safari yako, ulivyokimbia, ulivyovuka. Ukianza kuimba juu ya msichana aliyekukataa sokoni Kashikishi kwa sababu viatu vyako havifanani, uso wake unabadilika. Hakuja kwa ajili ya hiyo. Anataka risasi, anataka usiku, anataka mtumbwi.

Tusikilizane vizuri. Safari ilikuwepo. Kuanzia Agosti 2017 watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walivuka kwa maelfu, wakapokelewa Kenani, na Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Hayo ni ya kweli na yana waimbaji wake, siku wanayotaka wao, kwa sauti wanayotaka wao. Lakini kuna mwenzetu aliyevuka akiwa amebebwa mgongoni, hakumbuki kitu chochote isipokuwa harufu ya kitenge cha mama. Unamwambia aimbe vita? Ataimba vita ya sinema. Mwache aimbe harufu ya kitenge, ndiyo yake. Tena utaona, ndani ya ile harufu vita yote imo.

Mtu anayeombwa machozi kila siku, mwisho anajifunza kulia kwa mpango. Tumeona hiyo na inatuumiza. Kijana anajua beti ya pili ndiyo ya kulia, anaangalia kama kamera imewaka. Huyo si mwongo. Huyo amefundishwa kazi na wale wanaonunua.

Mtego wa tatu umo kwenye simu zetu wenyewe. Tunapenda bongo fleva, tunapenda ndombolo, tunapenda nyimbo za Lusaka, na hakuna ubaya. Lakini kuna wasanii huku wanaoandika juu ya gari ambalo hawajawahi kulikalia, klabu ambayo hawajui mlango wake uko upande gani, na ufuo wa bahari, wakati nyuma ya nyumba yao kuna ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Kujifunza namna ya kupanga sauti kutoka kwa wakubwa ni shule. Kuazima maisha yao ni deni, na wasikilizaji wanajua. Watu wa Dar wako na watu wao wa kuimba Dar. Mununga ina nani?

Na hapa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe, linalotufanya tuandike kwa hasira. Wimbo wa mada hauwezi kumuuliza swali aliyeleta mada. Wimbo wa machozi hauwezi kumchekesha aliyelipia machozi. Wimbo wa gari la kuazima hauwezi kusema neno lolote juu ya njia yetu. Katika yote matatu, kuna mtu mwingine anayeamua sisi ni nani.

Zamani kabla ya Mantapala kulikuwa na Kala, kule Kawambwa, na Mwange, kule Mporokoso. Kambi hizo zilipokea Wakongo waliokimbia vita iliyoanza mwaka 1998, zikakaa miaka, zikafungwa. Vijana waliishi mle, walipendana, waliachana, walizaa. Nyimbo zao ziko wapi? Waulizeni wazee waliopita kule. Wanakumbuka nyimbo za kanisa, wanakumbuka wimbo wa kuchekesha juu ya mtu mlafi, wanakumbuka za kubembeleza watoto. Nyimbo za siku ya mgeni rasmi hakuna anayezikumbuka. Kilichobaki kwa maandishi ni ripoti, za Kiingereza, ambazo ndani yake watu wanaitwa walengwa. Miaka 30 ijayo mtu akitaka kujua Mantapala ilikuwaje, atakuta walengwa kwa idadi. Watu hatawakuta, labda sisi tuwaweke kwenye nyimbo.

Kama unadhani hii ni ndoto ya vijana, angalia waliotutangulia.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Alikuwa anauza vyungu alivyofinyanga mama yake, anatembea anaita wateja. Sauti ile ya kuita wateja ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Yeye na wenzake walikuwa wanakusanyika nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa maskini wa mjini, na mambo ya mtaa yakageuka nyimbo. Mojawapo ni Kijiti. Ilikuwa kesi ya kweli: mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutembea akauawa, muuaji akavuka bahari akatoroka, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio wakageuziwa kosa kwa sababu ya pombe. Hakuna mwezeshaji aliyeandika ukutani UKATILI WA KIJINSIA. Kina Siti walisikia kesi, wakaiimba na majina yake na hasira yake, na mpaka leo wanaosoma historia ya Zanzibar wanaitumia kujua mahakama za wakoloni ziliwatendea nini wanawake maskini. Fikirini hilo, ndugu wa mashirika. Wimbo wa mtaa umekuwa ushahidi.

Rudini Katanga, kwetu kabisa. Mwaka 1952 mzungu mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika anarekodi muziki, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mwenye gitaa. Jina lake Mwenda Jean Bosco. Alirekodi Masanga, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanavunja vidole wakijaribu kuipiga kama yeye. Bosco alikuwa anaimba Kiswahili kilekile ambacho wengine wanatucheka nacho, cha Katanga, cha "tuko na" na "haiko". Hakungoja kwanza aongee kama mtu wa Zanzibar.

Na wa siku hizi. Dzaleka, Malawi, ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Menes la Plume, mshairi aliyetoka Lubumbashi, alifika pale kama mkimbizi. Mwaka 2014 alianzisha tamasha la Tumaini ndani ya kambi hiyohiyo. Sasa maelfu ya watu wanaingia kambini kwa hiari yao kusikiliza muziki, na wengine wanalala kwenye nyumba za wakimbizi, wanakula wanachokula. Zamani watu walikuja kambini kuona shida. Sasa wanakuja kuona wasanii. Yeye naye ni mkimbizi wa Kikongo, kama sisi.

Basi, tuwape jibu wale wenzetu wanaosema hawana cha kuandika. Tembea na sisi siku moja.

Alfajiri, mitumbwi inarudi. Usiku kucha taa zilikuwa juu ya maji kuita chisense, ukiangalia kutoka mchangani unafikiri kuna mji mwingine kule katikati. Kijana wa Mununga amekua anaangalia mji ule wa taa kila usiku na hajauandikia hata mstari mmoja. Mji ambao kila asubuhi unazimika, na kila mtu wake anarudi na mikono yenye baridi.

Asubuhi, biashara. Mnunuzi kutoka Copperbelt anakuja na meda yake, kopo la kupimia, lakini sehemu ya chini imegongwa kwa nyundo mpaka imeshuka. Anapima chisense ya mama, kopo linakula tu, halijai. Akifika kwake atauza kwa meda nyingine, iliyogongwa kwenda juu. Mama anajua. Mnunuzi anajua mama anajua. Wanasalimiana vizuri kabisa, mulishani, habari ya watoto. Hiyo ni opera, jamani! Ubeti wa kwanza meda ya kununulia, ubeti wa pili meda ya kuuzia, kiitikio ni salamu yao.

Mchana, nyumbani. Bibi anauliza kwa Kitabwa, mjukuu anajibu kwa Kibemba, mama katikati anatafsiri kwa Kiswahili, na daftari la shule limeandikwa Kiingereza. Lugha nne kwenye sahani moja ya bukari. Ukitunga wimbo ambao kila mtu kwenye nyumba ile anaimba mstari wake kwa lugha yake, hujaiga mtu yeyote duniani.

Jioni, simu. Ujumbe wa sauti unaingia WhatsApp kutoka Pweto. Kaka anasema, huku ni salama, msiwe na wasiwasi. Lakini anasema kwa sauti ya chini. Unaurudia mara tatu, husikilizi tena maneno, unasikiliza ile sauti ya chini. Aliyewahi kupokea ujumbe kama huo ana wimbo tayari, kilichobaki ni kutafuta gitaa.

Halafu msimu. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia inafunga uvuvi ili samaki wazae. Ni jambo la haki, bila hiyo ziwa litakwisha. Lakini miezi ile mitatu ndiyo mvua, ndiyo njaa, ndiyo madeni ya dukani, ndiyo wanaume wanakaa nyumbani wanagombana na kila kitu. Mama mmoja pale mchangani alisema, "Ziwa wamefunga, tumbo hawajafunga." Maneno manne, sheria na njaa zote zimo. Sisi tumeshika kalamu miaka hatujafika pale, na yeye alikuwa anasuka nyavu tu.

Na usifikiri hayo ni ya wakimbizi peke yao. Wabwile wako pande zote mbili za mpaka, Chiengi na Pweto. Watu wa Mwata Kazembe kule Mwansabombwe kila Julai wanacheza Mutomboko, ngoma kubwa ya jimbo zima inayokumbusha wazee wao walivyotoka Congo na kuvuka mito mpaka kufika hapa, karne ya 18. Soma tena hiyo. Sherehe kubwa kuliko zote za wenyeji wetu ni juu ya watu waliovuka kutoka Congo! Na sifa za wafalme wao zinakumbuka mito kwa majina. Halafu sisi tunaambiwa wimbo wa kuvuka ni wimbo wa huruma. Pale Mwansabombwe kuvuka ni wimbo wa fahari. Nani ametuamulia kwamba wetu lazima uwe wa kuomba?

Kuhusu mdundo pia, huku hatukosi. Hii ni nchi ya kalindula, muziki uliopewa jina la besi ya kutengeneza kwa mikono. Kuna mchi unaotwanga mihogo, wanawake wawili kwenye kinu kimoja, hawagongani. Kuna injini ya boti inayokohoa kabla ya kuwaka. Rekodi hiyo kwa simu, sekunde ishirini, weka, utaitumia.

Namna ya kufanya tunayojua sisi ni rahisi. Kila siku andika sentensi moja uliyoisikia, kama ilivyosemwa, usiisafishe. Baada ya mwezi una sentensi thelathini. Zisome kwa sauti. Kuna moja itakataa kukuacha, utakuta unairudia ukiwa unaoga. Hiyo ndiyo kiitikio. Halafu jiulize maswali ya mtoto: nani alisema, alikuwa ameshika nini, alikuwa anamwambia nani, na ni kitu gani hakusema? Majibu ndiyo beti. Mwisho wa yote jiulize wimbo huu ni juu ya nini. Mada inakuja mwisho, kama jina la mtoto. Huwezi kumpa jina kabla hajazaliwa halafu ukamlazimisha azaliwe kufuatana na jina.

Tahadhari moja, na hii tunaishika kama sheria kati yetu. Siri ya mtu si mali yako kwa sababu uliisikia. Dada aliyepigwa, mtoto aliyefanyiwa ubaya, mtu aliyetafutwa huko alikotoka, hao hatuimbi majina yao wala dalili za kuwatambulisha. Tunabadilisha, au tunamuuliza mwenyewe, na akisema hapana tunafunga daftari. Kijiti ilitaja majina mji ambao kila mtu alishayajua mahakamani. Huku kwetu jina linaweza kuvuka ziwa usiku mmoja na kufika lisikotakiwa kufika.

Sasa tunawageukia nyinyi, wakubwa zetu wa mashirika. Tunajua mnafanya kazi ngumu, tunajua wengine wenu mnalala vibaya kwa ajili yetu. Tunajua pia mnaandika ripoti, na wafadhili wenu wanataka kusikia neno "amani" kwenye wimbo wa amani. Mtatuambia, bila sisi hakuna mikrofoni, hakuna spika, hakuna jukwaa. Kweli. Kwa hiyo hatuwaambii muondoke. Tunawaambia mbadilishe mpangilio.

Leteni mikrofoni, msilete kichwa cha wimbo. Njoni mwezi wa pili mkasikilize, msije wiki mbili kabla ya 20 Juni mkatoa amri. Mkitaka wimbo juu ya maji safi, kaeni na sisi kwenye foleni ya maji siku tatu, mkiwa na ndoo, halafu tuone nani kati yetu atakuwa na mstari. Lipeni msanii kama mnavyomlipa mwenye kukodisha mahema na viti, maana fulana haiendi sokoni. Na kubwa kuliko yote: wimbo ukitoka na kuwauliza nyinyi swali, msiuzime. Mkisikia wimbo juu ya foleni ambayo imeanza saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa tisa mchana imefungwa, au juu ya karatasi ya ruhusa ya kutoka ambayo mtu anaingoja mpaka soko la samaki limekwisha, msiite mkutano wa nidhamu. Hiyo ndiyo ile "sauti ya vijana" mliyoiandika kwenye bango lenu. Mliiomba. Imekuja. Iacheni iongee.

Mtaogopa kwamba nyimbo kama hizo zitaleta fujo. Sisi tunaona fujo inaletwa na kukosa mahali pa kusemea. Mtu akishaimba meda ile iliyogongwa, na soko lote likacheka, mnunuzi atakuja kesho na meda nyingine. Hakuna jiwe lililotupwa. Siti na wenzake hawakuchoma mahakama. Waliiimba, na mahakama ile imekufa, wimbo uko.

Na nyinyi bayaya na wadogo zetu, msingoje waitike. Desemba inakuja, ziwa litafungwa, mikono itakuwa mitupu kwa miezi mitatu. Kila mmoja achukue daftari, la shule, la dukani, hata nyuma ya karatasi ya mgao. Sentensi moja kwa siku. Tarehe 1 Machi, mitumbwi ikishuka tena majini, tukutane kwenye mchanga wa Mununga bila bango, bila mgeni rasmi, kila mtu na wimbo wake mmoja. Wenye kutuhukumu wawe wale wanawake wa chisense. Watakaousikia wakaendelea na kazi kimya, turudi kuandika. Watakaoushika wakauimba huku wanaanika, basi huo ndio wetu, na hakuna mtu aliyetupa.

Mwenye sentensi aliyoisikia leo, aiweke hapa chini. Iandike kama ilivyosemwa.

Sisi, vijana wa mwambao wa Mweru.